Taa ya mashine ya espreso inawaka, lakini maji yana joto gani?

Swali: Nina mashine ya espreso, Gaggia Classic Pro, nyumbani Arusha. Natumia kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa wastani: gramu 18 kwenye kichujio, gramu 36 kikombeni, sekunde 27 au 28. Vipimo hivyo sivibadilishi, lakini leo kikombe kina uchachu wa ndimu, kesho kina uchungu unaokausha ulimi. Nasubiri taa iwake, kisha namwaga maji ya mashine bila kahawa mpaka yaache kufoka kama wanavyoelekeza kwenye video za Ulaya, halafu napika hapo hapo. Nikichelewa kazini naacha kumwaga. Nilipima maji kwenye kikombe cha kauri, kipimajoto kikasoma 84. Rafiki ananiambia mwinuko wa Arusha hauruhusu maji kufikia joto la espreso, na kwamba dawa ni kufunga PID, yaani kidhibiti cha joto cha elektroniki. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, mwinuko hauizuii mashine yako kufikia joto linalotakiwa, na PID inaweza kusubiri. Umefanya vizuri kudhibiti uzito na muda kabla ya kuuliza joto. Wengi huanza na joto wakati tatizo lao ni kusaga. Kwa kuwa kwako kila kitu kimetulia na ladha bado inayumba, joto ndilo mshukiwa wa kwanza, na maelezo yako yenyewe yanaonyesha linakoyumbia.

Tuanze na taa. Taa ya Gaggia haipimi joto la maji. Inakuambia kitu kimoja tu: termostati, yaani swichi inayojikata na kujiunganisha kwa joto, imekata umeme wa hita. Ikiwaka, hita imezimwa. Ikizimika, hita inafanya kazi. (Mwenye Rancilio Silvia asome kinyume, kwa sababu taa ya mashine hiyo huwaka wakati hita inachemsha.) Termostati ya kahawa imefungwa kwa skrubu ubavuni mwa boila na hukata chuma kinapofikia kama nyuzi 107. Hicho ni kipimo cha chuma, si cha maji, wala si cha maji yanayoigusa kahawa baada ya kupita kwenye kichwa cha mashine.

Hita za boila hiyo hazimo ndani ya maji. Zimezikwa kwenye ukuta wa alumini. Umeme unapokatwa, hita bado ni za moto kuliko ukuta, na ukuta ni wa moto kuliko maji, kwa hiyo maji huendelea kupanda kwa muda, kama sufuria la maharage linavyoendelea kutokota baada ya kuepuliwa. Yakishafika kileleni huanza kushuka polepole kwa dakika kadhaa, mpaka termostati ipoe kiasi cha kuunganisha umeme tena. Kati ya kilele na bonde kunaweza kuwa na tofauti ya nyuzi 10 au zaidi, na sehemu kubwa ya safari hiyo taa imewaka tu, haikwambii umesimama wapi.

Espreso hupikwa kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96 hivi. Kahawa yako ya wastani ingefaa 92 hadi 94. Ukipika kileleni unapita juu ya hapo, uchungu na ukakasi vinatoka. Ukipika bondeni, uchachu unatangulia na utamu haufiki. Siku unayochelewa kazini na kuacha kumwaga maji, unapika popote mzunguko ulipo, mara nyingi karibu na kilele. Siku unayomwaga mpaka kufoka kukome, unapika kwenye boila iliyokwisha kuingiwa na maji baridi. Hizo ndizo asubuhi zako mbili.

Sasa mwinuko, kwa sababu hapo rafiki yako ana nusu ya ukweli. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda. Kwa hesabu ya haraka toa nyuzi 1 kwa kila mita 300. Dar es Salaam na Mombasa ni 100. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ni kama 95. Nairobi na Mbeya ni karibu 94. Anayepika kahawa kwa kumimina maji ya birika juu ya chujio hawezi kuvuka kikomo hicho hata afanyeje. Lakini espreso hupikwa chini ya mgandamizo. Pampu inaposukuma kwa bar 9, maji hayawezi kuchemka mpaka yakaribie nyuzi 180. Kwa hiyo nyuzi 94 au 96 ndani ya kahawa iliyoshindiliwa zinapatikana Arusha sawasawa na zinavyopatikana Tanga.

Kinachobadilika Arusha ni dalili unazoziona kwa macho na masikio. Ukiwasha pampu bila potafilta (mkono unaoshika kichujio cha kahawa), maji hutoka kwenye hewa ya kawaida, na yakiwa juu ya kiwango cha kuchemka cha mahali ulipo yatafoka na kutoa sauti ya mvuke. Ufukweni, kufoka kunakoma maji yakishuka chini ya 100. Kwako kunakoma karibu na 95. Maji ya nyuzi 97 yangetoka kimya kabisa Dar es Salaam; Arusha yanapiga kelele. Anayefuata video iliyorekodiwa karibu na usawa wa bahari atadhani mashine yake imepata joto kupita kiasi na ataendelea kumwaga.

Na hapa ndipo ukubwa wa boila unapoamua. Boila ya Gaggia Classic ina maji kama mililita 100 tu. Ukimwaga mililita 80 kungoja sauti ikome, karibu kiasi hicho hicho cha maji ya tangi, yenye nyuzi 20 na kitu, kimeingia nyuma yake. Yaliyotoka mwisho yalikuwa 95, lakini yaliyobaki ndani yanazidi kushuka, na unapofunga potafilta na kuanza kupika mara moja, kahawa inapata mchanganyiko huo. Uchachu wa ndimu unatoka hapo. Kwa mashine ya boila ndogo kama yako, usitumie sauti ya kufoka kama kipimo. Tumia saa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Washa mashine ikiwa potafilta imefungwa mahali pake, kichujio kikiwa ndani, bila kahawa. Taa itawaka baada ya dakika chache, usiijali. Boila imepata joto lakini kichwa cha mashine na potafilta, vyote vya shaba nyeupe nzito, bado. Vipe dakika 20, na ukipata 25 ni bora zaidi. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hujizima zenyewe baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo sikiliza mlio wa swichi na uiwashe tena. Potafilta iliyokuwa imewekwa mezani ikafungwa dakika ya mwisho huiba nyuzi kadhaa za kikombe cha kwanza, na hakuna ujanja mwingine wowote utakaorudisha hizo nyuzi.

Kahawa iwe imesagwa na kupimwa kabla hujaanza kugusa swichi, ili potafilta isikae nje zaidi ya sekunde 30 au 40 unapojaza na kushindilia. Ukishaitoa, weka kikombe chini ya kichwa, washa swichi ya kahawa, na uzime pale tu taa itakapozimika. Kwa kawaida maji machache yanatosha, na hapa lengo si kupoza boila bali kuiamsha hita. Shindilia kahawa na ufunge potafilta wakati hita inafanya kazi. Taa itawaka tena. Kuanzia sekunde hiyo, hesabu.

Anza na sekunde 40. Kabla ya hapo joto bado linasambaa kutoka ukutani kwenda kwenye maji na kipimo hakijatulia. Ukianza mapema sana utapata vikombe visivyofanana hata kama umehesabu vizuri. Baada ya hapo mwelekeo ni mmoja, kushuka, na kila unavyongoja ndivyo maji yanavyopoa. Kikombe kikiwa na uchungu mkavu, ngoja sekunde 60 au 80. Kikiwa na uchachu hata kwa 40, usipunguze muda. Tumia njia nitakayoieleza ya swichi ya mvuke. Namba yako ikishapatikana iandike kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwa mashine, kwa sababu inafaa kahawa hiyo na mashine hiyo tu. Usibadilishe usagaji na sekunde za kungoja siku moja, maana ukipata kikombe kizuri hutajua ni kipi kilichokileta.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kinachotokea wakati kahawa yenyewe inapita. Gramu 36 kikombeni, pamoja na maji yanayobaki ndani ya unga na juu yake, ni kama mililita 60 zinazotoka kwenye boila. Mililita 60 za maji baridi zinaingia kuchukua nafasi. Kuyapandisha hayo kutoka nyuzi 22 hadi 93 kunahitaji kama kilojuli 18. Hita ya wati 1,300 kwa sekunde 28 inaweza kutoa karibu kilojuli 36, mara mbili ya hitaji. Tatizo ni kwamba haianzi mwanzoni. Termostati inasubiri ukuta upoe ndipo iunganishe, na katikati ya kupika ndipo unaona taa inazimika. Nusu ya kwanza ya kikombe inapikwa kwa joto lililohifadhiwa kwenye chuma, na maji yanashuka kadiri sekunde zinavyokwenda.

Swichi ya mvuke ndiyo inayoziba pengo hilo. Ukiibonyeza, mashine inahamia kwenye termostati ya nyuzi 145, kwa hiyo hita inawaka hata kama termostati ya kahawa imekata. Ngoja sekunde zako kama kawaida, kisha washa swichi ya mvuke kwa sekunde 5 au 6, izime, na hapo hapo anza kupika. Umeingiza joto la ziada ukutani ambalo litakutana na maji baridi yanayoingia. Kahawa iliyokaangwa kidogo, yenye kuhitaji 94 hadi 96, hunufaika sana na hili. Usipitishe sekunde 8, na usiiache swichi hiyo ikiwa imewashwa ukageukia simu, kwa sababu boila ndogo hupanda haraka mno na utalazimika kuanza upya. Pia hakikisha umeizima kabla ya kuwasha pampu, maana kwenye mashine hii swichi ya mvuke hubadilisha njia ya maji.

Kwa kahawa iliyokaangwa sana, ile nyeusi yenye mafuta juu ya punje, usifanye hivyo kabisa. Inataka 88 hadi 91. Ngoja sekunde 90 au zaidi, na ukiona taa inataka kuzimika kabla hujaanza, rudia mzunguko badala ya kuukimbiza.

Kuhusu kipimajoto chako kusoma 84: maji hayakuwa 84 yalipotoka. Kikombe cha kauri cha gramu 150 kilichokaa mezani kikipewa muda kinaweza kuyashusha maji mililita 60 kutoka 93 hadi karibu na 70. Ulichopima ni mapatano kati ya maji na kikombe. Tumia kikombe cha plastiki chenye povu ndani, kile kinachouzwa kwa ajili ya chai ya safarini, au kikombe cha karatasi kilichowekwa ndani ya kingine, na kipashe kwanza kwa maji ya moto. Kipimajoto kiwe chenye ncha nyembamba na kinachosoma haraka. Vile vya nyama vyenye sahani ya mshale vinachelewa sana kwa kazi hii. Ncha ikae moja kwa moja kwenye mkondo wa maji, sentimita moja au mbili chini ya kichwa, na upime mililita 60 za kwanza, ukiandika namba ya sekunde ya 5, ya 15 na ya 25.

Kabla ya hapo kihakiki chenyewe. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo lazima isome 0. Maji yanayochemka kwa nguvu lazima yasome kiwango cha mji wako, yaani kama 95 kwa Arusha. Mtu anayerekebisha kipimajoto chake mpaka kisome 100 kwenye sufuria inayochemka Arusha amejiongezea nyuzi 5 za uongo katika kila kipimo kinachofuata.

Kuna mtego mwingine wa mwinuko hapa. Kwa kuwa maji yanatoka kwenye hewa wazi, kipimo chako hakitapita 95 hata kama boila ina 103, kwa sababu ziada yote inageuka mvuke. Ukiona 95 isiyotikisika sekunde baada ya sekunde, na mvuke mwingi, usifurahi kwamba umetulia, umegonga dari. Namba inayoaminika kwa njia hii ni ile iliyo chini ya dari, 93 kwa mfano, yenye maji yanayotoka laini. Anayetaka kujua zaidi ya hapo hana budi kupitisha waya mwembamba wa themokapo (kihisi cha joto) kati ya ukingo wa kichujio na mpira wa kichwa, ncha ikikaa juu ya unga, na kupima wakati kahawa inapikwa chini ya mgandamizo. Waya uwe mwembamba kweli, la sivyo maji yatavuja pembeni na utaharibu mpira. Hata kwa maji matupu, kumbuka kwamba yanapita haraka kuliko yanavyopita kwenye kahawa, kwa hiyo kipimo cha sekunde ya 25 kitaonyesha kushuka kukubwa kuliko kikombe halisi. Linganisha kipimo na kipimo, usilinganishe na namba ya mtu mwingine.

Sikusoma lolote kuhusu umeme kwenye swali lako, lakini kwa nyumba nyingi za kwetu ni lazima niulize. Nguvu ya hita hufuata mraba wa volti, yaani volti zikizidishwa kwa zenyewe: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, hita haipungui kwa asilimia 13, inapungua kwa karibu robo. Zikishuka hadi 180, unabaki na kama asilimia 60. Termostati itakata pale pale, nyuzi 107 ni zile zile, ila muda wa kufika unarefuka, na wakati wa kupika hita inashindwa kurudisha joto kwa kasi uliyoizoea. Kama ladha yako huyumba kwa saa zaidi kuliko kwa siku, mathalani jioni majirani wote wanapopika huwa na uchachu na asubuhi na mapema huwa sawa, pima volti kwenye soketi mashine ikiwa imewashwa hita. Stebilaiza inasaidia, lakini iwe ya wati 2,000 au zaidi na iwe ya kweli. Ndogo ya televisheni itaungua. Na usiunganishe mashine kwenye waya wa nyongeza mwembamba unaotumiwa na friji.

Maji ya tangi nayo yana mchango. Tangi lililojazwa maji ya friji huleta maji ya nyuzi 6 au 8 badala ya 22, na kila kikombe kinahitaji joto la ziada la karibu moja ya tano. Jaza maji ya kawaida. Vilevile, maji yenye chokaa huacha ukoko ndani ya boila, na ukoko huo hauchukui joto vizuri: ukuta unafika 107 na kukata wakati maji bado hayajafika. Dalili yake ni mashine iliyokuwa sawa kwa miezi, kisha polepole ikaanza kutoa uchachu kwa sekunde zile zile za kungoja. Safisha kwa dawa ya kuondoa chokaa inayokubali alumini, kwa kipimo kilichoandikwa, na suuza matangi mawili kamili. Usiiache dawa ndani ya boila ya alumini usiku kucha.

Ukiwa na maziwa, pika kahawa kwanza, mvuke baadaye. Atakayeanza na mvuke ana boila ya nyuzi 145 na kikombe kinachofuata kitaungua. Kama huna budi, kwa mfano wageni wawili wanataka kapuchino mfululizo, zima swichi ya mvuke, weka jagi chini ya kichwa, washa swichi ya kahawa na uache mvuke na maji yanayofoka yatoke mpaka mkondo uwe laini na taa izimike. Hapa kufoka ni ishara nzuri, kwa sababu kweli unapoza. Kisha ngoja taa iwake, hesabu sekunde zako na uendelee. Fanya hivyo pia baada ya mvuke wa mwisho kabla ya kuzima mashine, ili boila ibaki imejaa maji. Hita inayowashwa kesho yake kwenye boila nusu tupu inaishi muda mfupi.

Wapo wasomaji watakaosoma hapa wakiwa na mashine zenye boila kubwa la mvuke na bomba la kahawa linalopita ndani yake. Kwao kumwaga mpaka kufoka kukome ndiyo njia sahihi, ila mwinuko unabadilisha kinachofuata. Ufukweni, sauti ikikoma maji yana nyuzi 100 na unatakiwa kumwaga kidogo zaidi. Nairobi au Mbeya, sauti ikikoma maji yana nyuzi 94 tayari, na kuendelea kumwaga ni kuyapoza bure. Tena geji yao ya mgandamizo inahesabu kuanzia hewa ya nje, na hewa ya Arusha ni nyepesi zaidi, kama bar 0.86. Kwa geji ile ile ya bar 1.1, boila ya Arusha ina kama nyuzi 119 au 120, wakati ya Dar es Salaam ina 122. Kupandisha hadi bar 1.25 kunarudisha tofauti hiyo.

Sasa PID. Kifaa hiki kinatoa termostati na kuweka kihisi kinachosoma joto mara nyingi kwa sekunde, kisha kinawasha na kuzima hita kwa vipande vidogo vidogo ili ukuta wa boila usimame kwenye namba moja. Kwa Gaggia Classic ni badiliko lenye maana kuliko yote unayoweza kuifanyia, na ukishakuwa na uhakika kwamba utaitumia mashine kwa miaka, lina thamani yake. Halifuti dakika 20 za kupasha kichwa na potafilta, halirekebishi umeme hafifu, na halijui chochote kuhusu maji baridi mpaka ukuta upoe. Ndiyo maana nakushauri ufanye utaratibu wa saa kwa wiki kadhaa kwanza, huenda ukatosheka.

Ukiamua kufunga, utahitaji kihisi chenye uzi wa skrubu wa M4 (kipenyo cha milimita 4) kinachoingia pale pale ilipotoka termostati ya kahawa, kidhibiti chenyewe, relei ya elektroniki (swichi inayoendeshwa na kidhibiti) ya ampea 25 au 40, nyaya zenye ganda la silikoni linalovumilia joto, na gundi nyeupe ya kupitisha joto kidogo tu kwenye uzi wa kihisi. Nyaya mbili zilizokuwa kwenye termostati ya kahawa ndizo zinazokwenda kwenye relei. Relei ifungwe kwenye ganda la chuma la mashine, mbali na boila, kwa sababu nayo inapata moto na lazima ipoe. Chomoa plagi kabla ya kufungua kifuniko, piga picha ya kila waya, na usikate waya wa ethi. Kama hujawahi kushika umeme wa volti 230, mpe fundi wa umeme, kazi yenyewe haizidi saa mbili.

Namba utakayoweka si 93. Kihisi kiko ukutani, na kutoka hapo mpaka kwenye kahawa joto linapotea, mara nyingi nyuzi 8 hadi 12. Anza na 103, pima kwenye mkondo kama nilivyoeleza, panda au shuka nyuzi 1 kwa kila kikombe mpaka ladha ikae. Kwa kuwa Arusha dari ya kipimo ni 95, ukilenga 96 kwa kahawa nyepesi itabidi uongozwe na ulimi au na waya wa themokapo, si na kikombe cha povu. Termostati ya mvuke iache mahali pake, na fyuzi ya joto iliyo kwenye boila isiguswe hata ikionekana haina kazi: relei ya elektroniki ikiharibika mara nyingi hubaki imeunganisha, na hapo fyuzi hiyo ndiyo kinga ya mwisho ya kuizima hita.